Maji ya Dumu la Tatu

Nilifanya kazi miaka kumi na minne katika maabara ya kemia ya shule moja ya sekondari huko Boko, na katika miaka hiyo yote sikuwa na cheti cha kazi hiyo. Niliajiriwa kufagia. Kwenye makaratasi niliendelea kuwa mtu wa usafi mpaka mwisho, ingawa kuanzia mwaka wa tatu mimi ndiye niliyekuwa natayarisha kila kilichowekwa mezani wanafunzi wanapokuja kwa vitendo: asidi iliyopunguzwa makali, chumvi zilizopimwa kwenye vikaratasi, testitubu kwenye vishikizio vyake, majiko ya mafuta ya taa yaliyokwisha kusafishwa tambi.

Nilianza kwa kuosha vyombo. Bureti ndiyo iliyonifanya nianze kusoma. Ni bomba refu la kioo lenye alama za vipimo na koki ndogo chini, na mimi nilikuwa naiosha kwa maji na kuisimamisha kichwa chini ikauke. Siku moja mwalimu wa kemia aliniambia kwamba haitoshi. Kabla ya kuitumia lazima isuuzwe kwa kimiminika kilekile kitakachotiwa ndani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo inavyofanywa. Jibu lile lilinikera kwa wiki nzima. Mwishowe nilinunua kitabu chakavu cha kidato cha kwanza kwa wauza vitabu wanaotandaza chini barabarani, na kwa sababu kilikuwa cha Kiingereza na mimi niliishia darasa la saba, nikanunua na kamusi. Ukurasa mmoja ulinichukua siku tatu, wakati mwingine nne. Nilikuta jibu: matone ya maji yanayobaki ndani ya bureti huipunguza nguvu asidi, na hesabu yote inayofuata inakuwa ya uongo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.

Sura iliyonikaa zaidi ilikuwa ile ya kuainisha maada. Kwamba vitu vyote duniani ama ni elementi, ama ni kampaundi, ama ni mchanganyiko, na kwamba mchanganyiko unaweza kutenganishwa kwa njia za kawaida, kuchuja, kuvukiza, au kunereka, yaani kuchemsha na kukinga mvuke uliopoa, lakini kampaundi haitenganishwi hivyo. Nilizunguka nyumbani nikiviweka vitu kwenye makundi yake. Waya wa shaba, elementi. Chumvi, kampaundi. Chai ya rangi, mchanganyiko.

Mke wangu alinisikiliza huku akipembua mchele.

"Na mie nipo kundi gani?"

"Wewe mchanganyiko."

"Haya. Chai yako leo kaichuje mwenyewe."

Kilichonisumbua ni sentensi moja mwishoni mwa sura ile. Ilisema kitu hakiwezi kuwekwa kwenye kundi lake kwa kukitazama. Kwa maji ya Boko niliielewa haraka. Ardhi yetu ya huko ni ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chumvi. Sabuni haitoi povu, birika linaota gamba jeupe ndani. Lakini ukiyatia kwenye bilauri yanang'aa kama maji ya dukani. Niliwahi kuyavukiza kwenye kibakuli cha kauri mpaka yakakauka, yakaacha unga mweupe. Huo unga ulikuwemo muda wote na jicho halikuuona.

Kwa hiyo maji ya kisima hayafai kwa majaribio, na shule haikuwa ikiletewa maji yaliyonerekwa kila yalipohitajika. Nilitengeneza mtambo wangu wa kunereka kwa birika na bomba la shaba. Kwa nusu siku ulinipa lita moja na kumaliza gesi ya mtungi. Ndipo nilipoanza kutazama bomba la plastiki lililotokeza ukutani nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule, likidondosha maji ya kiyoyozi kutwa nzima. Nilifikiri: maji haya yalikuwa mvuke hewani, yamekutana na chuma baridi, yamerudi kuwa maji. Chumvi haipandi na mvuke. Niliyakinga, nikayapima kwa tone la nitrati ya fedha. Kipimo hicho ni chepesi: kama ndani ya maji kuna kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi ya mezani, tone likianguka maji yanageuka meupe kama yametiwa maziwa. Maji ya kiyoyozi yalibaki kama yalivyo.

Tangu siku hiyo niliweka dumu la lita ishirini chini ya bomba lile. Mwalimu wa kemia alijua yanakotoka maji ya maabara yake na alikuwa akicheka. Mwingine sikumweleza. Nilikuwa na aina fulani ya choyo ambayo wakati ule niliiita nidhamu. Nilikipata kila nilichokijua peke yangu, kwa kamusi, na sikuona kwa nini nikigawe kwenye korido.

Aliyechukua ufagio baada yangu alikuwa mama mmoja wa Newala, mwepesi wa mikono na wa ulimi. Mwaka wangu wa kumi na nne, kwa mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, nilihitaji madumu matatu ya maji. Mawili yalikuwa yamejaa. La tatu lilikuwa chini ya bomba, limefika nusu. Alhamisi kabla ya wiki ya mtihani nilimkuta akifagia upande ule.

"Dada, hili dumu Jumatatu nataka nilikute limejaa."

"Likijaa nilipeleke wapi?"

"Mlangoni kwa maabara. Ulifunge vizuri, lisiingie kitu."

"Wewe kaka na madumu yako. Ipo siku watakukamata, watasema unapika gongo."

Nilicheka nikaondoka. Ijumaa asubuhi mkuu wa shule alisafiri kwenda kwenye msiba kwao. Ofisi ikafungwa na kiyoyozi kikazimwa. Mimi nilikuwa ndani ya maabara nikipima chumvi na mwalimu na sikuliwazia bomba. Siku hiyo hiyo niliyapima maji ya madumu mawili ya kwanza, yalikuwa safi. Jumatatu nikalikuta la tatu mlangoni, limejaa, limefungwa na kufutwa vumbi.

Sikulipima. Nitrati ya fedha iliyobaki ilikuwa kwenye kichupa cha kahawia, imepimwa kwa watahiniwa arobaini, na nilijiambia kwamba tone ni tone, na chanzo ni kilekile. Kwenye daftari langu niliandika: madumu matatu, safi. Daftari ninalo mpaka leo na mwandiko ni wangu.

Maabara yetu ilikuwa ndogo, hivyo watahiniwa walifanya mtihani kwa zamu mbili, ishirini na ishirini, na zamu ya pili ilikaa imefungiwa darasani ikisubiri. Asubuhi ya mtihani nilijaza chupa za maji za zamu ya kwanza kutoka dumu lililokuwa karibu na mlango. Lilikuwa lile la tatu.

Swali mojawapo liliwataka waitambue chumvi nyeupe isiyo na jina. Mimi na mwalimu tuliijua, kwa sababu tuliipima: ilikuwa nitrati. Mtahiniwa anaianza ikiwa kavu, anaitia asidi kali na kipande cha shaba na kuipasha moto, na nitrati hujitangaza kwa moshi wa kahawia. Kisha anaiyeyusha kwenye maji na kuijaribu kwa matone mbalimbali, likiwemo la nitrati ya fedha. Kwa chumvi ile, tone hilo halikupaswa kubadilisha chochote.

Nilikuwa na ruhusa ya kupita katikati ya meza kwa ajili ya maji na mafuta ya taa tu. Kuongea na mtahiniwa ilikuwa marufuku, na msimamizi, mama wa makamo aliyeletwa kutoka shule nyingine, alikuwa mkali kwa hilo. Kulikuwa na binti mmoja kwenye meza ya pili, karibu na dirisha. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa ameniuliza, mbele ya darasa zima, mtu atajuaje kama kosa ni la chumvi au la maji. Wenzake walimcheka, wakamwambia aache kumchosha mzee. Nilimjibu kwamba unafanya jaribio lilelile kwa maji peke yake, bila chumvi. Yalikuwa maongezi ya dakika moja.

Siku ya mtihani alinyoosha mkono. Nilikwenda na chupa ya maji. Hakufungua mdomo. Kwenye kishikizio chake palikuwa na testitubu mbili, zote nyeupe kama maziwa. Aligusa ya kwanza kwa kalamu, kisha akagusa karatasi ya chumvi. Aligusa ya pili, kisha akagusa chupa ya maji. Halafu akaniangalia.

Nilielewa palepale. Sitaki msomaji afikiri kwamba nilihitaji muda. Nilichukua chupa yake, nikaitikisa kama mtu anayeangalia kama imejaa, nikairudisha mezani, nikaenda zangu chumba cha matayarisho.

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba zamu ya kwanza imebakiwa na dakika hamsini.

Nilichukua testitubu safi, nikachota maji ya dumu la tatu, nikatia tone. Yakawa meupe. Nilijiambia huenda testitubu ilikuwa na uchafu. Nikaiosha kwa maji ya dumu la pili, nikaisuuza, nikaikausha, nikarudia. Yakawa meupe. Nikasoma kibandiko cha kichupa cha kahawia kana kwamba sikukiandika mimi. Nikapima maji ya dumu la pili; hayakubadilika. Nikarudia la tatu kwa mara ya tatu. Yakawa meupe.

Jaribio lile huchukua dakika moja, ukiwa mzito mbili. Nilipotoka chumbani zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka dakika nyingine zilikwenda wapi. Nakumbuka nilikalia stuli. Nakumbuka nilikunja taulo. Nilikuwa nawaza kwamba mtu ataniuliza nina cheti gani.

Mwalimu wa kemia alikuwa kwenye korido. Nilimweleza kwa sauti ya chini.

"Mzee, funga huo mlango kwanza." Nikaufunga. "Dumu zuri lipo?"

"Yapo mawili."

"Basi. Zamu ya pili wape hayo. Yameisha."

"Na hawa waliomo ndani?"

"Hawa ndo wanamaliza."

"Zimebaki dakika kumi na tano, mwalimu. Msimamizi akiwatangazia—"

"Akiwatangazia nini? Mzee wangu, hebu fikiria. Ukimwambia, anaandika kituo kina matatizo. Baraza la mitihani wakishikilia matokeo, wanashikilia ya wote arobaini. Wazazi watakuja hapa na mapanga. Halafu la pili, ataniuliza katayarisha nani. Nimwambieje? Mfagizi?"

Hakulisema kwa kunitukana. Alikuwa ameogopa, na ndivyo nilivyoandikwa kwenye makaratasi. Na hoja yake ya kwanza sikuweza kuipuuza. Sikujua kama kusema kungewaokoa ishirini au kungewazamisha arobaini. Tulibishana hivyo, kwa kunong'ona, mpaka kengele ikagongwa na zamu ya kwanza ikaanza kutoka. Yule binti alipita bila kugeuka.

Nilimwaga maji ya chupa zote, nikazisuuza na kuzijaza upya. Kisha nikamtafuta yule mama wa usafi. Alikuwa kwenye bomba la maji ya kisima akijaza ndoo.

"Dada, lile dumu ulijazia wapi?"

"Si hapahapa." Akaniangalia usoni. "Bosi kasafiri, kile kidude chake kimezimwa, lile bomba la ukutani halitoi hata tone. Ningeliacha nusu ungenisema. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Maji si maji, kaka?"

Jibu lilikuwepo, lilihitaji maneno kama ishirini hivi, na miaka kadhaa niliyokuwa nayo ya kumwambia ilikuwa imepita.

Zamu ya pili ilipomaliza nilikwenda kwa msimamizi, mwalimu akiwa nyuma yangu. Sikumtaja mama wa usafi, ingawa mwalimu alikuwa ameshapendekeza tumtaje. Nilisema maji ya zamu ya kwanza yalikuwa na kloridi, hayakupimwa, na mtu wa kuyapima ni mimi. Msimamizi aliniomba nirudie taratibu. Aliandika kila neno kwenye fomu yake ya taarifa. Kisha akauliza:

"Umegundua saa ngapi?"

"Baada ya zamu ya kwanza kutoka," nikasema.

Mwalimu alitazama chini. Msimamizi akaandika na hilo, akaitia fomu kwenye bahasha, akaifunga kwa lakiri mbele yetu.

Hakuna barua iliyokuja kuhusu taarifa ile, si kwa shule wala kwangu. Mkuu wa shule alirudi, akaelezwa, akaniita na kuniuliza kwa upole vyeti vyangu viko wapi. Januari maabara ilipata dada mwenye stashahada, na mimi nikapewa stoo ya vitabu. Sikuona nimeonewa. Yule dada nilimkabidhi funguo na kumweleza habari za bomba la kiyoyozi, na mama wa usafi nikamwita asikilize, nikamwonyesha na lile tone linavyofanya. Alisema, "Kumbe," kisha akaokota ufagio wake.

Matokeo yalitoka kama ya miaka mingine. Hayakushikiliwa. Yalipobandikwa ubaoni nilichukua daftari nikitaka kulinganisha zamu ya kwanza na ya pili, maana orodha ya zamu nilikuwa nayo. Nikaona haiwezekani. Gredi ya kemia ni moja, imejumlisha nadharia na vitendo, na sikuwa na njia ya kujua sehemu ipi imetoka wapi. Nilimtafuta yule binti tu. Alipata D. Kwa D ya kemia hakuweza kwenda kidato cha tano kwa masomo aliyoyataka. Hilo niliambiwa na mwalimu, aliyelisema kwa haraka na kuhamia habari nyingine.

Mwaka jana nilikuwa na shida ya tumbo, na daktari aliniandikia vidonge. Nilikwenda kuvinunua kwenye duka la dawa la Kawe, karibu na soko. Nyuma ya kioo alikuwa yule binti, amevaa koti jeupe, anahesabu vidonge kwenye kisahani kwa kisu cha plastiki, vitano vitano. Alinijua kabla sijamjua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Upo huku siku hizi?"

"Nipo. Nasoma famasia chuoni, ngazi ya chini, jioni nakaa hapa." Alipokea karatasi yangu, akaisoma, akavuta droo. Akaendelea kuhesabu huku akiongea. "Mzee, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Siku ile ya mtihani uliona."

"Niliona."

"Maana nilikuwaga najiuliza, labda hukuona. Labda kivuli cha dirisha kilikuzuia." Akasukuma vidonge vitano. "Mie nilikuwa nimeandika nitrati. Moshi niliuona kwa macho yangu, wa kahawia kabisa. Ile nyeupe ikanichanganya, nikafanya ya maji peke yake kama ulivyosema. Nikakuonyesha. Nikasema sasa huyu anajua, kama maji ndo mabovu atarudi, hawezi kukaa kimya. Nikasubiri."

Akasukuma vitano vingine.

"Hukurudi. Nikaona basi maji mazima, nimekosea mie, labda testitubu sikuosha vizuri. Nikafuta."

"Ukaandika nini?"

"Kloridi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kadhaa kujibu swali moja, kama gredi yake ililetwa na maji au la, na jibu langu la uangalifu, kwamba haiwezekani kujua, lilikuwa tayari. Hakuliuliza. Nikamweleza yale mengine. Nilimweleza kwamba nilielewa nikiwa bado mezani kwake. Kwamba nilikwenda kuyapima mara tatu, na dakika zikapita thelathini na tano. Kwamba msimamizi alipouliza saa, nilimdanganya.

Kisu chake kilisimama.

"Mara tatu," akasema. "Ya kwanza ilitoka nyeupe?"

"Ilitoka nyeupe."

"Sasa ya pili ilikuwa ya nini?"

Mteja aliingia, mwanamke mwenye mtoto anayekohoa. Akamhudumia kwanza, akamweleza jinsi ya kuitikisa chupa ya dawa, akampa kikombe kidogo cha kupimia na kumwonyesha mstari wa kuishia. Alipoondoka akarudi kwenye kisahani changu. Alikuwa amepoteza hesabu. Akavirudisha vidonge vyote kwenye kopo, akaanza upya, vitano vitano, mpaka vikatimia. Akavitia kwenye bahasha ndogo, akaandika juu yake.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula," akasema, kama anavyomwambia mtu yeyote. "Usiruke hata siku moja."

Nilisimama pale kidogo, nikisubiri aseme kingine. Alikuwa ameshaanza kufuta kisahani.